Si Uchovu, ni Usingizi wa Mchana

Kahonzi alikuwa akikaanga mahamri nje ya nyumba yao, Kibarani. Mumewe, Ngala, alikuwa akiwahudumia wateja. Mara akaona kichwa cha mkewe kinainama. Mwiko ukamponyoka. Uso ukaanza kushuka kuelekea kwenye karai la mafuta ya moto.

"Kahonzi!"

Ngala alimvuta bega kwa nguvu. Kahonzi akafumbua macho.

"Kwani kuna nini?"

Wateja walipigwa na butwaa.

Mteja mmoja alikuwa Lynn, jirani yao. Lynn hutunza faili za wagonjwa katika zahanati.

"Dada, umewahi kumwona daktari?" aliuliza.

"Mara nyingi. Hupewa dawa za kuongeza damu, nikabaki vilevile."

"Ukifika humwambia nini?"

"Humwambia nimechoka."

Lynn alishika kichwa. "Basi daktari huandika uchovu! Kila tatizo lina namba yake kwenye faili. Uchovu una yake, usingizi wa mchana una yake. Anayesoma faili hujua akupime nini. Usilolisema, nani ataliandika?"

Walizima moto, wakaenda zahanati. Daktari Okoth aliwapokea.

"Mama, husinzia wakati gani?"

"Nikila. Nikiongea na watu. Leo nimesinzia mbele ya mafuta ya moto."

Kalamu ya Okoth ilisimama. Kisha akaandika yote. Akauliza hali hiyo ilianza lini, na kama anatumia dawa yoyote. Halafu akamgeukia Ngala.

"Na usiku hulalaje?"

Ngala aliinamisha macho. "Hukoroma sana. Halafu hunyamaza kabisa, kama hapumui. Mara hushtuka, akavuta pumzi kwa nguvu."

"Mimi?" Kahonzi aliruka kitini. "Naacha kupumua, na hukuniambia?"

"Niliona haya kukwambia unakoroma, mke wangu."

"Hilo ndilo nililolihitaji," alisema Okoth. "Pumzi ikikatika, mwili haupumziki. Lakini bado sina hakika. Leo naandika dalili: usingizi mwingi wa mchana, kukoroma, na kukatika pumzi. Hospitali kubwa watakupima. Wakiona ugonjwa, wataandika jina la ugonjwa wenyewe. Mpaka hapo, mama, usikae karibu na moto."

Ngala akashika kazi ya kukaanga. Kahonzi alipimwa hospitalini akiwa amelala. Kweli, koo lake lilikuwa likiziba usingizini. Faili yake ikaandikwa upya. Akapewa kifaa cha kuvaa puani anapolala, kinachosukuma hewa ndani. Siku za kwanza kilimsumbua. Baadaye akakizoea, akawa anaamka mwepesi.

Jumapili moja alikaa kanisani macho wazi mpaka baraka ya mwisho. Mlangoni akamshika mchungaji mkono, bado haamini.

"Mchungaji, kumbe mahubiri yako ni marefu hivi! Miaka yote hii nilikuwa nikisikia salamu na amina tu."