Walisifia Kitabu kwa Jina Langu, Siku ya Mahari Yangu

"Dada Mack, umeniuza?"

Meseji iliingia saa nne asubuhi, mikono yangu imejaa utomvu wa ndizi mpaka kwenye viwiko.

Nikafuta kidole kwenye kanga, nikasoma tena. Labda macho yangu.

"Dada Mack, umeniuza? Hata wewe?"

Aliyetuma ni Novath. Na siku hiyo, jamani, ilikuwa siku ya kuletewa mahari!

Ngoja niwaweke sawa, maana najua wengine hamnijui.

Naitwa Mackrine, wa Bugene, hapa jirani na Kayanga. Kazi yangu ni stationery, natoa kopi na kuchapa barua za watu. Lakini kwa miaka minne nimekuwa na ukurasa Facebook. Kila Jumamosi napendekeza vitu vitatu: kitabu kimoja, wimbo mmoja, mchoro mmoja.

Sisifii kitu ambacho sijakimaliza. Na sipokei hata soda ya mtu.

Tulifika watu elfu kumi na moja. Kuna mama mmoja wa Rugera aliuza kuku akamnunulia mwanae kitabu cha hadithi, kwa sababu tu mimi nilisema ni kizuri. Mtu akiuza kuku wake kwa neno lako, hilo neno si la kuchezea.

Novath nilimgundua mwaka jana. Ni mfugaji wa Kyerwa, baba wa watoto wawili, ana simu yenye kioo kilichopasuka. Akiwa malishoni anachora ng'ombe kwa kidole kwenye hiyo hiyo simu. Hatujawahi kuonana, tunatumiana sauti tu WhatsApp. Nilipouweka mchoro wake wa ng'ombe mwekundu mwenye pembe ndefu, hadi watu wa Dar waliuulizia.

Sasa huyo ndiye ananiuliza kama nimemuuza.

Nikafungua ukurasa wangu. 

"KITABU BORA CHA MWAKA!!! Nimekisoma mara mbili! Jalada limebuniwa na wataalamu wa Mwanza. Wahi dukani kwa Bwana Ambrose, Kayanga. Ni mimi wenu, Mackrine."

Sikuandika mimi!

Na picha ya jalada... ng'ombe mwekundu wa Novath. Kona ya chini, pale anapoandikaga jina lake, wamelikata.

Nikashuka kwenye komenti.

"Mack na wewe umenunuliwa."

"Kumbe bei yako ni harusi?"

"Nimeshaagiza viwili dada, tunakuamini."

Huyo wa mwisho ndiye aliyeniliza.

Hicho kitabu nakijua. Ni cha mafanikio ya biashara, kakiandika Ambrose mwenyewe, mfanyabiashara wa kahawa na mabati. Alinipa nikisifie. Nikakisoma chote, kurasa mia na kumi na mbili, kwa heshima tu, maana ni kaka wa mchumba wangu. Ushauri ule ule umerudiwa sura tisa! Nikamwambia kwa adabu, "Kaka, hiki siwezi kukipendekeza." Akacheka. Nikadhani yameisha.

Nikajaribu kuifuta ile posti.

Namba ya siri si sahihi.

Nikajaribu tena.

Namba ya siri si sahihi.

Duniani watu wawili tu walikuwa na ile namba. Mimi, na Dastan. Mchumba wangu! Ambaye muda huo yuko barabarani na ndugu zake, wanakuja kwetu!

Nikampigia.

"Dastan, umefanya nini?"

"Mpenzi, tumeshapita Omurushaka. Jiandae."

"Nirudishie ukurasa wangu!"

"Mack, kaka Ambrose ndiye anagharamia shughuli yote ya leo. Ametaka neno moja tu. Ungemnyima?"

"Nilimnyima! Ndiyo maana mkaiba!"

"Punguza hasira. Akishauza hivyo vitabu nakurudishia. Si tunakuwa kitu kimoja?"

Akakata.

Shangazi Beata, dada wa baba, alikuwa pembeni yangu anamenya ndizi. Nikamweleza yote.

"Waitu, mwanangu Mackrine," akasema, "siku ya mahari msichana hana mdomo. Vumilia wageni wale, waondoke. Kesho utasema."

"Kesho watu watakuwa wameshanunua, shangazi."

"Basi watasoma. Kitabu kimemuua nani?"

Simlaumu. Ndivyo alivyofundwa na yeye.

Nikamjibu Novath neno moja, "Siyo mimi." Akasoma. 

Saa saba magari mawili yakaingia. Nimefichwa chumbani na akina shangazi, nimevalishwa kitenge kipya, nachungulia dirishani. Ambrose kashuka na suti ya kijivu. Nyuma yake wamebeba kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, na boksi.

Mnajua boksi lilikuwa na nini?

Vitabu!

Akaanza kuwagawia wazee wetu mmoja mmoja. "Zawadi, wazee wangu. Bibi harusi mwenyewe kakisifia duniani kote!"

Baba yangu, Tata Yustasi, akapewa chake. Tata ni mtu wa maneno machache. Amekulia nyuma ya ng'ombe kabla hajahamia huku Bugene kwenye migomba. Akavaa miwani, akaliangalia jalada muda mrefu mpaka nikaona aibu. Nikajua anajivunia binti yake. Ikaniuma kuliko zile komenti.

Wakaniita nje.

Kwetu binti akitoka anaulizwa swali moja tu, na jibu linajulikana. Ukisema "nawafahamu", vigelegele vinapigwa, chakula kinaletwa. Hakuna anayetegemea lingine.

Msemaji wetu, baba mdogo Cassian, akasimama.

"Binti yetu Mackrine. Wageni hawa unawafahamu?"

Dastan ananitabasamia. Shangazi Beata ananikazia macho, maana yake nyamaza.

"Nilidhani nawafahamu," nikasema.

Baba mdogo akanisogezea sikio.

"Unasemaje?"

"Baba mdogo, siwafahamu. Watu ninaowafahamu mimi hawaingii kwenye ukurasa wangu wakaandika uongo kwa jina langu."

Weeee! Manung'uniko mpaka kwa watoto walio juu ya mparachichi.

Ambrose akacheka cheko la kibiashara. "Binti anatania, wazee. Furaha imemzidi."

"Sitanii. Kitabu hicho sijakisifia na sitakisifia. Na mchoro wa jalada ni wa mfugaji wa Kyerwa anaitwa Novath. Mmemkata jina!"

"Uongo!" Ambrose akasimama. "Jalada limechorwa Mwanza! Mchoraji nilimlipa mwenyewe! Unanidhalilisha mbele ya wazee, binti mdogo wewe?"

"Mackrine, rudi ndani," shangazi akanong'ona.

"Sirudi."

 Ushahidi wangu wote ulikuwa kwenye ukurasa ulio mikononi mwao, wafute au waandike watakavyo. Neno langu na neno la tajiri. Nikaona wazee wameanza kutikisa vichwa, na sikujua wanamtikisia nani.

Hapo hapo honi ikapigwa barabarani.

Ni fuso. Ng'ombe wa mahari kafika!

Ambrose akapata pumzi. "Haya! Wazee, tuache utoto. Nimeagiza ng'ombe bora kuliko wote, dalali wangu kamtoa Kyerwa huko. Mwangalieni wenyewe!"

Ng'ombe akateremshwa taratibu. Mwekundu wa kahawia, pembe ndefu. Pembe ya kushoto imeinama kidogo juu ya jicho. Kwenye paji la uso ana doa jeupe, na sikio moja limechanika.

Tata akanyanyuka kwenye kiti. Kitabu mkononi.

Akatembea polepole mpaka kwa yule ng'ombe. Akaangalia jalada. Akaangalia ng'ombe. Akaangalia jalada tena, akagusa pembe, akagusa sikio.

"Ambrose mwanangu."

"Naam mzee."

"Huyo mtu wako wa Mwanza, ng'ombe huyu alimwonea wapi?"

"Sijakuelewa, mzee."

"Pembe ni hii. Doa ni hili. Na sikio hili hapa, limechanika vile vile."

Ambrose akageuka kumwangalia ng'ombe wake. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alimwangalia kweli.

"Aah, mzee! Ng'ombe si wote wanafanana?"

Mungu wangu!

Wenzangu mliokulia kwa wafugaji mnajua ametamka nini. Kwetu ng'ombe ana jina, ana mama, ana historia. Wazee waliangua kicheko, mmoja akapaliwa na rubisi. Ambrose kwao ni Muleba, watu wa kahawa na migomba, na si kosa kuzaliwa Muleba. Lakini mtu kanunua ng'ombe aliye kwenye jalada la kitabu chake mwenyewe, na hakumtambua!

Yule mwanaume aliyemshusha ng'ombe, mwembamba, mwenye buti za mvua na fimbo, akasogea.

"Anaitwa Bihogo," akasema. "Nilimchora mwezi wa sita mwaka jana, siku aliyozaa. Baba kamuuza juzi kwa dalali, nikaambiwa nimsindikize tu."

 Ile sauti! Nimeisikiliza kwenye simu mwaka mzima!

"Novath?"

Akanitazama. "Dada Mack? Kumbe ni kwenu hapa?"

Akatoa simu yake yenye kioo kilichopasuka. Mchoro upo, tarehe ipo, jina lake lipo kona ya chini. Simu ikazunguka kwa wazee, mkono kwa mkono. Baba mdogo Cassian alipoipokea akaguna tu, akaketi.

Dastan akanivuta kitenge pembeni.

"Mack, tafadhali. Tuyamalize ndani. Wakiondoka nakupa namba ya siri."

"Nipe sasa hivi. Mbele za watu."

Akamwangalia kaka yake. Ambrose akatikisa kichwa, hapana.

Dastan akainamisha uso.

Miaka mitatu ya uchumba, na jibu likatoka hivyo. Nilimpenda, jamani. Msidhani sikumpenda. Lakini nikawaza, huyu kila nikitaka haki yangu atamwangalia kwanza kaka yake.

"Basi ukurasa bakini nao," nikamwambia. "Ila mimi hamnipati."

Nikageuka kwa baba. Nilikuwa tayari kwa lolote, hata kibao.

"Tata, nisamehe. Nimekuaibisha."

Akakunja miwani yake. "Aliyeaibika ni aliyesema uongo. Ng'ombe arudi kwenye gari."

Na shangazi Beata! Shangazi aliyeniambia sina mdomo! Alikwenda mwenyewe akakibeba kile kibuyu, akakiweka kwenye buti la gari la Ambrose.

"Na rubisi yenu hii," akasema. "Hata hivyo mmeitia maji."

Wakaondoka bila kula. Ndizi zote zile tukala sisi na Novath na dereva wa fuso, na nilikula nikilia, sitaki kuwaficha.

Leo ni wiki ya tatu. Novath kamwandikia Ambrose barua ya kudai haki ya mchoro wake, nimeichapa mimi bure, hajajibiwa. Bihogo karudi Kyerwa baada ya dalali kumrudishia Ambrose hela yake. Mtaani wananiita mwanamke mwenye mdomo, ati sitaolewa. Waniite.

Dada zangu, kaka zangu, shikeni hili. Anayekupenda hahitaji jina lako ili kuuza vitu vyake. Jina lako ukimwazima mtu akasemee uongo, likirudi halirudi zima. Na ukipenda kazi ya mtu, iseme pamoja na jina lake. Mchoro, wimbo, kitabu, vyote vina mwenyewe.

Sasa kilichonifanya niandike leo.

Jana jioni Ambrose alinipigia. Sauti ya upole kweli kweli.

"Mackrine mdogo wangu, tuyaache. Nakurudishia ukurasa wako na watu wako wote elfu kumi na moja. Naomba kitu kimoja tu, haya mambo yasitoke nje. Fikiria, unipe jibu kesho kabla ya saa sita mchana."

Nimefikiria.

Sasa hivi ni saa tano na nusu. Nipo kwenye ukurasa mpya, tuko mia nne na sita tu.

Kaka Ambrose, shikamoo. Jibu langu ndilo hili umemaliza kulisoma.