Trekta Lisiuzwe

Mwantumu wa Mazingara, Handeni, hakuwa mvivu wala mjinga. Alilima mahindi, alifuga kuku, na alilea watoto wawili wa marehemu mdogo wake, Maryamu na Abdi. Watoto hao waliachiwa shamba la michungwa. Mwantumu ndiye aliyelisimamia.

Basi akaja Ponsiano, wakala wa kampuni ya mkonge. Alikuwa na maneno matamu huyo. Alisema toa hela, kampuni itakulimia mkonge Korogwe, wewe kaa nyumbani upokee faida. Mwantumu akauza shamba la watoto, akatuma hela yote kwa simu. Mwezi wa pili faida ikaingia kweli. Mwezi wa tatu ikaingia tena. Mwezi wa nne simu ya Ponsiano ikawa haipatikani.

Mwantumu aliumia sana. Hela yake mwenyewe angeisamehe. Hii ilikuwa mali ya yatima, na kila alipowapakulia wale watoto chakula, alishindwa kuwatazama usoni.

Kijijini, wenzake waliotapeliwa walichanga wakasoma albadiri, ile dua ya kumshtakia Mungu mwizi. Mume wake, Mzee Mhina, ndiye aliyekuwa mbele. Alisema mwizi atarudi mwenyewe huku analia, subirini tu. Wakasoma, wakala ubwabwa, wakasubiri. Ponsiano hakurudi.

Jirani yao Naipanoi, mke wa mfugaji, naye alikuwa ametoa hela ya ng'ombe wake. Yeye hakukaa kusubiri. Alimwambia Mwantumu kwamba Korogwe yupo wakili anaitwa Rhoda, na kazi yake miaka yote ni kuwatafutia watu hela walizotapeliwa namna hii. Mzee Mhina aliposikia alikataa. Kwenda kwa wakili, alisema, ni kuitilia dua shaka. Mwantumu hakubishana naye. Asubuhi alijitanda khanga yake, akapanda basi na Naipanoi.

Rhoda aliwaamkia shikamoo, akawapa viti, akawasikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza Mwantumu swali.

"Mama, mkonge ukipandwa leo, unakatwa lini?"

"Miaka mitatu hivi," Mwantumu alijibu. Alikuwa amekulia jirani na mashamba ya mkonge.

"Sasa faida ya mwezi wa pili ilitoka wapi?"

Jambo hilo Mwantumu alilijua tangu utoto, wala hakulifikiria hata mara moja.

"Ilitoka kwa waliotoa hela baada yako," Rhoda alisema. "Ukaipokea, ukaisifia kampuni, na wengine wakaingia."

Mwantumu alikiri kwamba kwa hasira alifuta ujumbe wote wa malipo. Rhoda akasema si kitu, kampuni ya simu itampa taarifa ya miamala yake. Akawaeleza waripoti polisi kwanza na wapewe namba ya jalada. Waliotapeliwa waungane, kesi iwe moja. Ada ya mahakama hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, na mtu hupata risiti. Akipiga mtu simu akisema tuma hela kidogo ili yako itoke, huyo ni tapeli wa pili.

Mwantumu akamuuliza kwa sauti ndogo kuhusu albadiri.

"Dua ni yenu, mama, siizuii," Rhoda alisema. "Lakini kampuni ina trekta hapa Korogwe, na linatafutiwa mnunuzi. Mnunuzi hana habari na dua yenu. Wa kuzuia trekta lisiuzwe ni hakimu."

Akawasimulia kesi yake ya kwanza, ya wakulima wa Dindira. Alishinda, watu wakapiga vigelegele. Alipokwenda kukamata mali, akakuta kila kitu kimeshauzwa. Wakulima wale hawakupata hata senti. Tangu siku hiyo, alisema, yeye hutafuta mali kabla ya kumtafuta mtu.

Wakaripoti polisi siku ileile. Rhoda akaomba zuio, na hakimu akalitoa. Kesi ilichukua zaidi ya mwaka. Mwantumu alichoka, akakata tamaa, lakini aliendelea kwenda. Mwishowe wakashinda, dalali wa mahakama akalinadi trekta, na walioungana kwenye kesi wakagawana. Hela haikurudi yote. Ya Mwantumu ilitosha kununua nusu ya lile shamba, na akainunua kwa majina ya Maryamu na Abdi.

Jioni aliwaeleza watoto ukweli wote, akawaomba radhi. Walipokwenda kulala, Mzee Mhina akajikohoza.

"Na ya kwangu je?"

"Ya kwako ipi?"

Ikajulikana. Mzee Mhina alikuwa amempa Ponsiano hela ya madume mawili ya ng'ombe, kimyakimya, na jina lake halikuwa kwenye kesi. Mwantumu alikasirika, kisha akamwonea huruma. Akamwambia kampuni bado ina kiwanja mjini, Rhoda anakifuatilia, ila kuripoti lazima aende mwenyewe.

Mzee Mhina akauliza basi la Korogwe linapita saa ngapi.