Mapengo ya Wembe wa Mzee Adamu

Nywele alizozikuta Mhina sakafuni asubuhi ile zilikuwa za mvi, tena mbichi, kama zimetoka sasa hivi kwenye kichwa kilicholoweshwa maji. Naye jana yake alifagia. Huyu Mhina wa Manundu kwa kufagia hana mpinzani. Banda lake la kinyozi, pale mbele ya nyumba yake, lilikuwa safi kuliko majiko ya wengi wetu. Na jana yenyewe hakunyoa mzee hata mmoja, maana umeme ulikatika mapema, mashine ikalala, wateja wakavuka barabara kwenda kwa Julius mwenye jenereta.

"Panya hawa," akasema, akazifagia.

Hakutaka kuumiza kichwa kwa nywele. Kichwa chake kilijaa wembe.

Wembe ulikuwa wa marehemu baba yake, Mzee Adamu, aliyekuwa kinyozi wa wakata mkonge kule Mazinde. Wembe wa kukunja, wa zamani, chuma kizito, mpini wa pembe. Mhina aliukuta Sindeni walipobomoa paa la nyumba ya baba: umesokomezwa juu ya boriti, umeviringwa kitambaa cheusi pamoja na majivu, uzi umeuzunguka mara nyingi, kutu imeula, na kwenye makali yake mapengo matatu. Akasikitika sana. Akamlaani aliyeutunza vibaya namna ile. Kisha akaapa kwamba mwanawe Muhsin, aliyempata baada ya miaka tisa ya kungoja, atanyolewa nywele za arobaini kwa wembe wa babu yake na si mwingine.

Basi akaanza kuhangaika. Kutu peke yake ilimla siku nne, mafuta ya taa na msasa. Pengo la kwanza akalisaga kwenye kinoo mpaka likaisha, akaupitisha wembe kwenye mkanda wa ngozi, swaa, swaa, mpaka bega likafa ganzi. Ukakata unywele hewani! Akatabasamu, akafunga banda, akaenda kuswali adhuhuri. Aliporudi, butu. Butu kama kijiko. Akanoa tena. Kesho yake adhuhuri, butu tena. Akabadilisha kinoo, akabadilisha mafuta, akatukana chuma, akatukana aliyekifua.

"Mume wangu, achana nao," mkewe Yusra akamwambia. "Wembe wa dukani una kasoro gani?"

"Huelewi wewe."

"Naelewa sana. Mtoto analia, baba ananoa."

Alijaribu kumpigia shangazi yake, Bi Zamda, aliyeolewa Bungu kule mlimani, amuulize baba alikuwa anaunoaje. Simu haikamatiki. Akaibwaga simu mezani, akaendelea kusaga.

Tiampati, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Handeni, aliyezoea kunyolewa upara pale kila wiki, alimcheka mpaka machozi. "Mhina, huo wembe umeuoa? Mimi nimekaa hapa kichwa kinaota, wewe unaubembeleza!"

Pengo la pili lilipoisha ilianza harufu. Karafuu maiti. Yusra akaisikia kwenye taulo, akazifua mara mbili, haikutoka. Na kila Mhina aliporudi kutoka kuswali alikuta nywele zile za mvi chini ya kiti, na akiweka mkono kwenye kiti kilikuwa na joto, joto la mtu aliyekaa muda mrefu akainuka punde tu, ilhali kufuli alilifungua mwenyewe kwa ufunguo uliokuwa mfukoni mwake. Mtu mwingine angekimbia. Mhina alikasirika. "Kuna mtu anaingia humu anautumia wembe wangu!" Akanunua kufuli la pili.

Pengo la tatu alilimaliza siku moja kabla ya arobaini. Jioni Tiampati akaja, hacheki.

"Mchana nilipita," akasema kwa sauti ndogo. "Nikachungulia dirishani, nikaona una mteja."

"Mchana nilikuwa msikitini."

"Mzee. Kafunikwa shuka mpaka shingoni. Upande mmoja wa kichwa upara, upande mwingine mvi. Nikamsalimia, hakuitikia, na ule mkanda wako wa ngozi, Mhina, ule pale ukutani, ulikuwa unalia swaa, swaa, na mbele yake hakuna mtu, na yule mzee ananitazama kwenye kioo kama ananiuliza kwa nini sijaingia nimmalizie."

Hakukaa. Akaondoka na nywele zake.

Asubuhi ya arobaini Bi Zamda akateremka kutoka Bungu na kapu la mapeasi. Mhina akampokea, shikamoo shangazi, akamwonyesha wembe unavyong'aa. Bibi akaachia kapu.

"Mapengo yako wapi?"

"Nimeyaondoa, shangazi. Mwezi mzima, mikono hii."

"Mjinga wee!" akanong'ona. "Yale aliyapiga baba yako mwenyewe!"

Wakamkalisha, akasimulia. Siku moja Mazinde, saa saba mchana, Adamu alijiwa na mteja asiyemjua. Akinyoa upande huu, upande ule unaota. Akanyoa mpaka jua likazama, vidole vinatoka damu, na yule anasema tu, "Umeanza, nimalizie." Adamu akatoroka. Lakini kila wembe ule ulipokuwa mkali, mteja alirudi. Ndipo fundi mmoja wa majini akamfundisha: aupige wembe mapengo matatu, aufunge, mteja asiwe na cha kunyolewa nacho.

"Na mtoto akinyolewa kabla chuma hiki hakijalazwa," akasema Bi Zamda, "yule mteja atahamia kwa mtoto. Aliyeuamsha ndiye aulaze. Nenda ukaupige makali kwenye jiwe la mlangoni. Mara tatu."

Bibi akafukiza ubani, akawageuzia kisogo, akaanza kusoma. Mhina akachuchumaa mbele ya jiwe. Akaupiga wembe: pengo. Akaupiga tena: pengo. Machozi yakamtoka, si ya hofu. Ya kazi yake. Mwezi mzima. Wateja wote aliowapoteza. Akautazama ule ukali uliobaki kwenye ncha, akaugeuza, akapiga kwa mgongo wa wembe. Sauti ni ile ile. Bibi akaitikia amina.

Muhsin akanyolewa kwa wembe wa dukani, watu wakapiga vigelegele, kichwa kikawa kama yai. Akavikwa kofia. Pilau likapakuliwa, na Mhina, kwa mara ya kwanza mwezi ule, akala akashiba.

Saa saba ilipofika Yusra alikuwa amempakata mtoto, akasikia karafuu maiti. Akanusa nguo, si nguo. Akainua kofia taratibu.

Upande wa kulia, upara. Upande wa kushoto nywele zilikuwa zimeota, ndefu, mbichi, mvi tupu.

Alimtazama mumewe na sahani yake mkononi.

"Mhina," akasema polepole, "ulipiga mangapi?"

Kabla Mhina hajajibu, kutoka bandani kulikofungwa makufuli mawili, mtu mzima akakohoa, kile kikohozi cha mteja aliyechoka kungoja zamu yake.