Tangazo la Bi Mwanahawa

Mudi wa kwetu Kimamba alikuwa na sauti, jamani, tusimnyime sifa yake. Alianza utangazaji Kilosa mjini, akahamia Morogoro, Iringa, Dodoma, mwisho akatua kwenye kituo kidogo cha Mikumi. Watu walidhani anafuata maslahi. Wapi! Alikuwa anakimbia.

Kila kituo ilifika siku akakuta karatasi ya ziada kwenye matangazo ya vifo ya saa saba mchana. Ya Kilosa aliisoma bila wasiwasi. Kesho yake ndugu wakaja juu: aliyetangazwa yu hai, anapalilia mahindi yake Masanze. Wiki haikuisha, akafa. Morogoro ikawa hivyo hivyo, na Iringa. Dodoma aliutambua mwandiko, akaacha kazi siku hiyohiyo.

Jumanne moja, Mikumi, karatasi ikaja na jina la mama yake mzazi.

Hakuisoma. Aliikunja, akaitia mfukoni, akapiga muziki mpaka kipindi kikaisha. Moyoni alijiambia safari hii amewaweza hao wanaoleta karatasi.

Simu ikaita. Mama.

"Mwanangu," Bi Mwanahawa alinong'ona, "mbona umenitangaza?"

Mudi alikodi bodaboda mpaka Kimamba. Turubai lilikuwa limeshafungwa. Wanawake walilia, na katikati yao mama yake kakaa mkekani, mzima, anawabembeleza. Vijana nao walikuwa wamemaliza kuchimba kaburi.

Kwetu kaburi likishachimbwa haliachwi tupu. Wazee wakakata mgomba, wakauvika sanda, wakauzika. Mudi alifukia mwenyewe, koleo kwa koleo, jasho na machozi. Alipomaliza aliinama, akanong'ona:

"Chukueni changu chochote. Mama niachieni."

Asubuhi mama aliamka salama. Mudi alitaka kumwamkia. Akafungua kinywa. Kimya. Akajaribu tena. Kimya.

Saa saba mchana redio ya nyumbani ikasoma matangazo ya vifo. Sauti ilikuwa yake. Wenzake wa Mikumi wanaapa kiti chake kilikuwa kitupu, na swichi ya maiki imezimwa.

Mwezi wa tatu sasa. Mama yuko imara, analima. Mudi hukaa mlangoni, mchana ukifika anaziba masikio.

Jana hakuwahi kuyaziba; aliruka, akakimbia kwa jirani yao Scholastica, akamshika mikono, midomo ikimcheza bila neno. Scholastica alikuwa anaanika mpunga. Akacheka, akamuuliza kulikoni.

Sisi tuliosikiliza redio hatukuthubutu kumwambia.