Abiba kwa Kompyuta ya Waqo

Siku ya soko la mifugo hapa Isiolo hujui kama unasukumwa na mtu ama ng'ombe. Makandi alikuwa anapita na kifurushi cha miraa ya mjomba wake, dress ya manjano, raba nyeupe, mbuzi ya mtu ikachomoa miraa ikaanza kutafuna. Kijana mmoja mrefu akaishika pembe.

"Mrembo, umeiharibu. Leo hii haitalala."

"Ni yako?"

"Mimi nachukua tu namba za wenye mbuzi, tunawatumia bei kwa simu. Hebu nipe yako."

"Kwani nauza mbuzi?"

"Hapana, lakini unalisha."

Akacheka, akampa. Huyo ndio Waqo wa mtaa wa Wabera.

Basi simu zikaanza. Asubuhi, "Umeamka, malkia?" Jioni, "Umekula, babe?" Makandi akifunga saluni anapitia kwa kibanda ya kompyuta Waqo anafanya kazi. Kitu moja tu ilimsumbua. Simu ya nyumbani ikilia, Waqo anatoka nje, anaongea Kiborana chini chini kama mtu anaficha mwizi. Na kwao hajawahi kumpeleka, hata kupita tu karibu na gate. Makandi ni Mmeru, anaenda kanisa; kwa kina Waqo ni Waborana, Waislamu. Alikuwa ameanza kujiuliza kama ndio sababu.

Jioni moja Waqo alimwonyesha screen nyeusi. "Hapa hakuna kubonyeza picha, unaandika tu. Ukitaja jina, inakupa kitu moja yenye iko chini yake." Akaandika *get mpenzi*. Ikajibu: Makandi.

"Aki wewe ni muongo mtamu," Makandi akasema, lakini alitembea akitabasamu mpaka nyumbani.

Wiki iliyofuata Arero, rafiki ya Waqo anayemsaidia kukusanya namba, alituma file mpya. Waqo akaandika laini moja, akagonga Enter, namba zote zikaingia kwa database, ile ya screen nyeusi. Akatoka kununua chai. Makandi akavuta keyboard, akaandika *get mpenzi*, ajione tu tena.

Abiba.

Waqo akarudi na vikombe.

"Abiba ni nani?"

"Abiba gani?"

"Kwani wako wengi?"

"Ni dadangu."

"Dadako ndio mpenzi wako?"

Waqo akaangalia screen. "Ngoja. Jina moja haibebi watu wawili. Ingine ikiingia inafunika ya kwanza, na haisemi kitu. Hii imekuja na file ya Arero."

"Nionyeshe ile ya kwanza."

"Hiyo imeenda."

"Imeenda. Sawa."

Akafungua file. Arero alikuwa amekopi ile ya Waqo, akaongeza namba zake, halafu laini ya juu akabadilisha: mpenzi, Abiba.

"Hata mimi naweza andika hiyo," Makandi akasema, akachukua mkoba.

Waqo akapigia Arero, akaweka loudspeaker. "Laini ya juu kwa file yako ni ya nini?"

Arero akakohoa. "Buda, nilikuwa najaribu tu kuona jina la Abiba wangu. Nilisahau kuitoa. Tafadhali usiambie mzee wenu."

Waqo alitaka kumrukia hapo kwa simu, lakini Makandi alikuwa mlangoni.

"Sasa pigia huyo dada."

Akapiga. "Abiba, niko na Makandi hapa."

"Makandi ni nani?"

Aliuliza tu, bila ubaya. Makandi akatikisa kichwa polepole. "Wacha Arero. Kwenu mimi sijawahi kuingia hata mara moja."

Waqo alikuwa anaogopa maswali ya mamake tangu ile siku ya mbuzi. Sasa aliona akiacha huyu msichana atoke, harudi.

"Abiba, mpe mama simu."

Akaongea Kiborana, lakini hakutoka nje. Makandi alishika neno moja tu, jina lake. Mama akasema kitu kifupi, akakata.

"Amesema nini?"

"Anasema nikulete kabla ya maghrib, asione mtoto wa watu akitembea giza."

"Na umemwambia mimi ni nani?"

"Msichana nataka kuoa. Mmeru. Anaenda kanisa."

"Hivyo tu? Umenitafsiria yote?"

"Yote."

"Tutaona," Makandi akasema, akatangulia nje.