Hati Isiyo na Mtumaji

Kilichomponza Mama Chapa kilikuwa kidole chepesi. Katika kiduka chake cha kuchapa, wateja walipanga foleni simu mkononi, kila mmoja akimrushia hati yake: barua ya kazi, cheti, fomu ya shule. Simu yake ikiuliza Kubali au Kataa, yeye hubonyeza Kubali bila hata kutazama jina. Tangu afungue duka hajawahi kumkataa mtu.

Jumatatu ikaingia hati ya mtumaji asiye na jina. Akaichapa. Ilikuwa picha ya mlango wa duka lake, na kizingitini nyayo mbichi za maji zikielekea ndani. Karatasi ilinuka udongo uliochimbuliwa sasa hivi.

"Nani katuma hii?" akauliza. Foleni nzima ikatazamana.

Akamshuku jirani yake, muuza vocha. Watu wa biashara kwa fitina, hawajambo!

Jumanne ikaja nyingine: mlango wa nyumbani kwake. Sasa akamshuku mumewe, wakanuniana mpaka asubuhi. Jumatano aliapa atasoma majina, lakini foleni ilikuwa ndefu, kidole kikatangulia. Safari hii kilionekana kitanda cha binti yake, yule waliyemwita Kasuku kwa maneno yake yasiyokwisha, na nyayo zimepanda shuka mpaka kwenye mto.

Akafunga duka, mbio nyumbani. Kasuku alikuwa ameketi kitandani, macho wazi, kimya. Shuka limelowa chepechepe.

Palepale akamrushia mdogo wake hati ile. "Hebu ona mdogo wangu, mwenzio nakufa kwa hofu."

"Dada, mlete mtoto kwangu sasa hivi!"

Akampeleka. Kesho yake akamwita mganga wa mtaa wa pili, akamsimulia habari za hati zile. Mzee akanusa chumba baada ya chumba.

"Hayupo," akanong'ona. "Ameondoka."

"Jamani, afadhali!" Mama Chapa akaangua kilio cha furaha.

"Ngoja kwanza, mama. Huyu haingii asipokubaliwa, wala hatoki asipopewa njia nyingine. Hati umempa nani?"

Akampigia mdogo wake, simu ikaita, ikaita, ikaita, na ndani ya mlio ule akasikia maji yakidondoka, tone kwa tone, na harufu ya udongo ikapanda kutoka kwenye simu yenyewe mpaka mganga akarudi nyuma akiziba pua, kisha mlio ukakatika.

Simu ikatetemeka. Hati mpya, kutoka kwa mdogo wake. Kubali au Kataa.

"Kataa!" mganga akafoka. "Ukikubali tena, mimi simo."

Kwa mara ya kwanza kidole kilisita. Lakini humo ndimo zilimokuwa habari za mwanawe, na uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Akabonyeza Kubali.

Picha ikafunguka: kitanda cha mdogo wake, kitupu, na nyayo za watu wawili, kubwa na ndogo, zikitoka nje.

Mlango wa mbele ukagongwa.

"Mama," sauti ya Kasuku ikaita. "Tufungulie."