Dakika Kumi na Tano za Kipanga

"Shubiri, unanipata?"

"Sema."

"Mgeni kaipata namba ya mita ya umeme."

Shubiri alikata kona bila kugusa breki. Subaru ikalia. Mwenye mkokoteni akamtukania ukoo mzima, na alikuwa na haki.

"Kaipata kwa nani?"

Mkuu wake wa kazi akakohoa redioni. Mkuu hakohoi ovyo. Akikohoa, kuna jambo.

"Kwa mtoto wa dada yako. Jana aliisoma kwa sauti akiwa laivu. Tarakimu zote kumi na moja. Mgeni ana mtu wa kumtafutia anwani, na anwani ameshaipata. Yuko njiani, yeye na dereva wake tu. Vijana wangu wako mbali, dakika ishirini na tano."

"Mimi niko dakika sita."

"Punguza hasira, Shubiri. Hasira za mkizi..."

"Furaha ya mvuvi. Najua!"

Akaitupa redio kitini.

Mgeni alikuwa mwingizaji wa silaha. Kwa miaka kumi na mmoja alipitisha bunduki ndani ya makasha ya friji, na hakuna ofisi iliyokuwa na picha yake hata moja. Mtu pekee aliyewahi kumwona uso na akakataa kukaa kimya alikuwa dada yake Shubiri, karani wa mizigo bandarini. Kesi ilikuwa Jumatatu. Mpaka hapo dada na bintiye walifichwa kwenye fleti ya ghorofa ya tatu, bila mlinzi, maana mlinzi mlangoni ni sawa na bango. Na Mgeni hakuwa mtu wa kutuma mtu kazi kama hii. Atakayetumwa atamjua, na anayemjua ni shahidi wa pili.

Shubiri alipiga simu ya mtoto. Iliita mpaka ikachoka. Dada hakuwa na simu. Shubiri mwenyewe ndiye aliyemnyang'anya.

Akafungua matangazo laivu ya mtoto kwenye simu iliyokuwa mbele ya usukani.

Huyo hapo! Binti wa miaka kumi na saba, hedifoni kichwani, jina lake la gemu limeandikwa juu kwa herufi nyekundu: Kipanga. Alikuwa akilipua daraja na kucheka mpaka jino la pembeni linaonekana. Watazamaji mia nne walikuwa wakimshangilia.

Shubiri hakutulia hata kidogo.

Kwa sababu kicheko kile kilikuwa cha robo saa iliyopita. Alipomruhusu mtoto acheze gemu mbele ya watu alimpa masharti matano: usionyeshe dirisha, usitaje shule, usipokee zawadi ya mtu usiyemjua, zima maikrofoni ukiongea na simu, na picha icheleweshwe dakika kumi na tano kabla ya kutoka nje. Mtoto alitii hilo la mwisho tu, na hilo ni kwa kuwa Shubiri aliliweka kwa mkono wake.

Kwenye simu mtoto alikuwa mzima. Fletini je? Hakuna aliyejua.

"Cheka," Shubiri aliiambia simu, meno yameumana. "Nikikukuta mzima nitakuua mwenyewe."

Alipanda ngazi tatu tatu, bastola yake ya Glock mkononi, akasukuma mlango kwa bega.

Dada yake alikuwa sebuleni anakunja nguo. Mtoto alikuwa kitini.

Mzima.

Shubiri alimvua hedifoni kwa nguvu, akabonyeza kitufe cha kuzima maikrofoni, akamvuta sikio.

"Asiyesikia la mkuu! Nilikuambia nini kuhusu maikrofoni? Namba ya mita ya nyumba hii wanayo watu wote, na mwenye kutaka kumuua mama yako yuko njiani!"

"Mama mdogo, unaniumiza!"

"Nani alikutuma usome namba hadharani?"

Mtoto alimtazama, machozi yakamjaa.

"Wewe."

"Mimi?"

"Jana. Ulipiga ukasema umeme unakwisha, nisomee namba ya mita ninunue, haraka niko kazini. Nikasoma. Ulikuwa unazisikia bunduki za gemu, mama mdogo. Mbona hukuniambia nizime?"

Dada akaacha kukunja nguo.

Ni kweli. Alizisikia zile bunduki. Akaona zinamkera tu, akakata simu. Miaka kumi na tisa ya ujasusi, halafu anamponza dada yake kwa ajili ya umeme! Shubiri aliachia sikio. Hasira haikwenda popote, iligeuka tu ikamrudia yeye mwenyewe.

"Dada, chukua funguo za gari. Shukeni ngazi za nyuma. Usisimame mpaka Mkuu akupigie. Shika simu ya mtoto."

"Na wewe, mdogo wangu?"

"Mimi nina mgeni."

Dada alimkumbatia mara moja, kwa nguvu, wakashuka.

Saa tisa na dakika nane.

Hakuzima chochote, wala mlango hakuufunga kwa ufunguo. Aliigeuza kamera ikatazama mlango, akaacha kiti kirefu kimeupa mlango mgongo, hedifoni zimening'inia juu yake, bunduki za gemu zikilia. Akajibanza nyuma ya mlango. Kule nje watu mia nne walikuwa bado wanamwona Kipanga anacheka, na wataendelea kumwona hivyo mpaka saa tisa na ishirini na tatu.

Saa tisa na dakika kumi na tisa, kitasa kikazunguka.

Aliingia mzee mnene mwenye kofia na koti la msafirisha vifurushi. Mkono wa kulia ulikuwa chini ya kasha la karatasi. Wa kushoto ulishika simu, na kwenye simu mtoto alikuwa anacheka.

"Binti," alikiambia kiti kwa upole wa kutia kichefuchefu, "mama yupo?"

Kiti kikanyamaza. Akakizungusha.

Kitupu.

Akatazama simu. Mtoto bado anacheka. Akatazama kiti tena. Hapo ndipo akausikia mdomo wa Glock nyuma ya sikio.

"Weka kasha chini. Taratibu."

"Wewe nani?"

"Mama mdogo."

Kasha likashuka na bastola iliyokuwa chini yake. Shubiri akaipiga teke mpaka chini ya kabati, akamfunga pingu, akamsogeza mbele ya kamera, akamvua kofia. Uso wa kawaida kabisa, wa mzee ambaye ungempisha kwenye foleni. Taa ndogo ya kijani ya kamera ilikuwa inawaka mbele yake.

"Hiyo inarusha?"

"Inarusha."

"Zima!" Sauti ilimpanda kama ya mtoto. "Zima, sema unachotaka, nitakupa!"

"Miaka kumi na mmoja hujapigwa picha. Bado una dakika kumi na tano za kutojulikana, mzee. Zifaidi."

Kisha akapita nyuma ya kamera, akanyoosha mkono, akamzaba kibao. Hicho hakikuwa cha serikali. Kilikuwa cha ukoo.

Vijana wa Mkuu walipoingia walimkuta Mgeni ameketi sakafuni anaitazama saa ya ukutani. Dereva wake walikuwa wameshamkamata chini. Shubiri aliweka bastola kiunoni, akashuka kwa miguu, maana gari hakuwa nalo.

Barabarani simu ikaita.

"Mama mdogo! Tumefika salama. Tupo hapa kwenye..."

"Usiniambie mlipo!"

Muuza magazeti aligeuka kumtazama. Kwenye simu mtoto akavuta kamasi.

"Sawa. Sisemi."

"Hata nikikuuliza mimi?"

"Hata ukiniuliza wewe."

"Haya," alisema Shubiri. Akakata simu, akavuka barabara.